Bunduki Iliyolala Ndani

Oktoba 14

Mto umefunga kwa barafu. Asubuhi nilirusha gogo kutoka ukingoni, likadunda na kuteleza mpaka ng'ambo. Sasa hakuna boti mpaka Mei. Tumebaki na ndege ya barua, nayo huja ikijisikia.

Daftari hili aliniachia mwalimu shule yake ilipofungwa. "Andika, Mama Oline, wewe una maneno mengi." Nilimjibu kwamba maneno yangu yana mdomo wake tayari. Lakini nitaandika. Humu ndani nimeshasikiliza watu vya kutosha.

Oktoba 17

Esai ameangusha kulungu dume mkubwa kuliko farasi. Mkwe wangu huyu nilimchagua mwenyewe, na leo nilipita kila nyumba na bakuli la damu na maini ili kila mtu akumbuke nani alimchagua. Alisomea shule ya misheni, akaingia jeshini, akapigana huko kwenye nchi za joto. Bunduki mikononi mwake hutulia kama mtoto aliyeshiba. Binti yangu Matrona ni mpole mno, angeolewa na yeyote ambaye angemuuliza kwanza. Mjukuu wangu Pelagia amekula ulimi wa kulungu mpaka akalala akiwa amekaa.

Ndugu yangu Miska, anayekaa peke yake ng'ambo ya uwanja, alikuja kuchukua fungu lake bila kuona haya. Huyu huogopa kila chenye meno, na wanawake pia. Maisha yake yote ni kutega sungura.

Oktoba 26

Upepo. Nimeshona soli za viatu.

Novemba 2

Mbwa wawili wa jirani yetu Anisia wameuawa wakiwa kwenye minyororo. Mmoja alipasuliwa kutoka shingo hadi mkia, mwingine kimebaki kichwa na kola. Alama za nyayo zimezunguka ghala letu la samaki, lile la miguu mirefu, na pembeni mwa kila unyayo kuna vipande vya barafu.

Sisi wanawake hatulitaji jina la mwenye nyayo hizi. Anasikia, na huja kwa aliyemtaja. Nitamwandika Yule Mkubwa, na Pelagia nimemfundisha hivyohivyo.

Miska alichutama akagusa vile vipande. "Huyu dubu hakulala mwaka huu. Ameoga kwenye maji yanayopanda juu ya barafu, manyoya yameganda. Sasa amevaa barafu mwili mzima. Risasi haimwingii ovyo."

Esai alicheka. "Mzee Miska, wewe hata kivuli chako kinakutoa jasho."

Nilicheka naye.

Novemba 5

Wanaume walimfuata tangu alfajiri. Walirudi jua likizama, na sleji ya Esai, gari lake la kukokotwa na mbwa, ilikuwa nyekundu.

Wanasimulia hivi. Yule Mkubwa aliwangoja nyuma ya misonobari iliyoanguka. Esai alifyatua, barafu ikaruka begani kwa mnyama kama vioo, naye hata hakuyumba. Aliingia katikati ya mbwa waliofungwa pamoja kwenye kamba, akawa anawakanyaga na kuwararua huku hawana pa kukimbilia. Miska alipanda mti. Mbwa wa mbele wa Esai, Kijivu, aligeuza sleji akaitoa pale kwa nguvu zake, na ndiyo sababu mkwe wangu yuko hai.

Watu walimcheka Miska na mti wake. Esai hakucheka. Alimfungua Kijivu, akamshika kola, akachukua mpini wa shoka. "Nani alikwambia ugeuke?" akawa anamuuliza. "Nani? Nani?" Kila swali na pigo lake. Mbwa alilia kwa mapigo machache ya kwanza tu. Esai aliendelea mpaka mpini ukaanza kutoa sauti ya kitu chenye majimaji, mpaka kichwa cha Kijivu hakikuwa na umbo tena. Matrona alimziba mtoto macho kwa kiganja.

Nilisema kwa sauti kwamba mwanamume aliyeponea chupuchupu huwa na hasira.

Novemba 6

Esai ameingiza bunduki ndani.

Hapa kwetu bunduki hulala kwenye kibaraza cha mlangoni, kwenye msumari wake, kuanzia theluji ya kwanza mpaka ya mwisho. Hata mlevi hulijua hilo. Nilimwambia, "Mkwe, itoe. Itatoka jasho."

"Mama, mwanajeshi hulala na bunduki yake."

"Huko mlikolala nazo kulikuwa na joto nje na ndani. Hapa chuma kikiingia kwenye joto kinatoa maji, ukikitoa nje maji yanaganda mle ndani kwenye mashine. Utafyatua na hakuna kitakachotoka."

"Dubu akija nikiwa usingizini, nianze kupapasa kibarazani na chupi?" Akagonga misumari miwili ukutani juu ya jiko la kuni, akaitundika. Akaipaka mafuta mazito ya jeshini, kumbe hayo nayo huganda.

Nilimwambia mara tatu. Mara ya tatu alinitazama kwa namna ambayo mkwe hamtazami mama mkwe wake.

Novemba 7

Imetoka jasho. Pelagia kaniambia, "Bibi, bunduki ya baba inalia."

Novemba 15

Matrona ana jicho lililovimba. Kasema ameteleza kwenye barafu akichota maji. Nikamwambia avae viatu vyenye manyoya chini. Nilimwamini kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa rahisi kwangu.

Novemba 16

Baridi ya kupasua miti. Inalia msituni kama risasi.

Novemba 21

Esai ametoka kuwinda, amerudi mikono mitupu. Alimpata kulungu hatua chache tu mbele yake, bunduki ikagoma. Anasema risasi za dukani ni mbovu. Nilifungua mdomo kumkumbusha, Matrona akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikaufunga.

Matrona naye siku hizi anachemsha maji siku nzima kama tunangoja wageni. Birika haliondoki juu ya jiko, mvuke mpaka darini. Nimemwambia anapoteza kuni. Kasema mtoto ana kikohozi. Sijamsikia mtoto akikohoa.

Novemba 28

Nitaandika yote.

Yule Mkubwa alipita tena, akavunja mlango wa ghala, akala nusu ya samaki wetu wakavu na kukojolea nusu nyingine. Esai alitoka mbio, akafyatua, bunduki ikagoma. Akaingia na theluji yote, akamshika Matrona nywele.

"Wewe ndiye unamwita. Unamwita moyoni."

"Simwiti."

"Basi tumwite wote tujue moja. Sema jina lake."

Matrona alikataa. Esai akampiga ngumi mdomoni. Nilisimama, akauelekeza mtutu kwangu bila hata kugeuza kichwa, kama mtu anayefunga mlango kwa mguu. Pelagia alikuwa chini ya kitanda.

"Sema."

Akamgonga uso kwenye ukingo wa meza. Nilisikia pua ikivunjika. Mlio wenyewe ni mdogo tu, kama kijiti.

"Dubu," akasema mwanangu, damu ikimtoka kwa mapovu.

"Tena. Kwa nguvu, asikie."

Alilisema mpaka Esai akachoka. Kisha Esai akakaa, akaomba chai, akanywa. Matrona ndiye aliyemmiminia, na baada ya hapo akajaza birika maji mengine na kulirudisha juu ya jiko palepale.

Mtu huyu nilimchagua mimi. Nilipita nyumba kwa nyumba na bakuli.

Novemba 29

Esai amewaambia watu kwamba mkewe amemtaja Yule Mkubwa kwa ulimi wake mwenyewe na ndiyo sababu bunduki imelogwa. Hakusema nani alimtajisha. Anisia hajaja kuazima chumvi leo.

Desemba 4

Sungura mmoja, kutoka kwa Miska. Alimwacha mlangoni akakimbia.

Desemba 5

Sungura.

Desemba 11

Leo nimempiga Esai na kikaango cha chuma. Alikuwa amemkaba Matrona ukutani kwa mkono mmoja, miguu ya mwanangu inaelea. Nilimpata sikioni, akaenda chini, na raha niliyoisikia mpaka kwenye magoti sitaificha. Lakini sikumpiga vya kutosha. Aliinuka, akanivuta mkono mpaka bega likatoka mahali pake, akanitupa kibarazani, akafunga mlango kwa ndani.

Nje palikuwa na baridi ya kuua. Sina koti, mguu mmoja una kiatu. Nilitambaa uwanja mzima mpaka kwa Miska. Hakuuliza kitu. Aliweka goti kifuani kwangu, akauvuta mkono, bega likarudi na mlio, nikatapika juu ya kitanda chake.

"Chukua bunduki yako," nikamwambia. "Nenda kamuue."

"Ana mtoto mle ndani, dada. Na anatufikiria sisi sote ni dubu. Nikienda na bunduki atapiga kwanza aliye karibu naye."

"Wewe ni mwoga tu."

"Ndiyo," akasema, akanivika soksi zake.

Desemba 12

Nimerudi nyumbani kwangu. Nyumba hii niliijenga na marehemu mume wangu, gogo kwa gogo. Siwezi kuwaacha humo peke yao. Esai alinikaribisha kwa adabu: "Karibu, mama." Sikio lake limekuwa jeusi.

Desemba 20

Jua linaonekana kidogo tu kisha linaona aibu. Samaki mmoja tunagawana watatu. Wa nne ni Esai, na huyo hagawani.

Januari 7

Krismasi yetu, ya kalenda ya zamani ya kanisa. Tangu enzi za babu yangu, siku hii nyota hubebwa nyumba kwa nyumba, nyota kubwa ya mbao na karatasi inayozungushwa, na watu hufuata wakiimba. Hakuna mlango unaofungwa. Hata mahasimu hufunguliana.

Mwaka huu aliyebeba nyota alikuwa Miska. Nilisikia wimbo ukikaribia, nikaona Matrona akijipangusa uso uliochakaa, akimvalisha mtoto shanga. Esai aliichukua bunduki ukutani. Matone yalidondoka kutoka kwenye mtutu, yakalia chii juu ya jiko.

Alifungua mlango yeye. "Rudini. Humu hamna kitu chenu."

"Nyota haigeuzwi mlangoni, Esai," Miska akasema. "Tuimbe, tuondoke. Hatutaki hata chai."

"Mmekuja kumwangalia mke wangu."

"Tumekuja na nyota."

Esai aligeuza bunduki akampiga kwa kitako usoni. Meno ya Miska yaligonga kizingiti, nikayasikia. Alianguka, nyota ikaanguka, karatasi ikachanika. Nyuma yake watu wakarudi hatua, vijana wenye mabega kama milango, wote wakarudi. Miska aliinuka kwa magoti. Akatema. Akaiokota nyota, akaizungusha kwa kidole, na akaanza wimbo pale ulipokatikia. Alikuwa peke yake, mdomo umejaa damu, maneno hayaeleweki. Esai alimpiga tena, mbavuni. Miska alianguka tena, akaimba akiwa chini, mpaka ubeti wa mwisho, kisha akasema, "Heri ya sikukuu, Pelagia," akaenda zake akijishika ukuta.

Na mimi huyu nimemwita mwoga miaka yote hiyo.

Januari 8

Nimempelekea mchuzi. Hawezi kutafuna. Nimemwambia sina cha kusema. Akasema, kwa mdomo ule, "Hiyo ni mara ya kwanza."

Januari 15

Matrona ameniambia kisimani, mdomo karibu na shingo yangu, kwamba ndege ikija ataondoka na mtoto, aende mjini kwa shangazi yake. Nikamwambia Esai ameapa kumpiga risasi atakayekanyaga ngazi ya ndege. "Najua," akasema. Nikamuuliza kama haogopi. Akasema, "Mama, chota maji, tusikae sana."

Sijui mtoto huyu amepata wapi moyo. Namwombea.

Januari 17

Ndege haikuja. Baridi kali mno.

Januari 24

Haikuja. Theluji.

Januari 25

Esai amempiga Pelagia. Kofi moja, kwa kumwaga sukari. Damu sikioni. Matrona hakulia. Alijaza birika.

Januari 31

Ndege ilikuja mchana, anga tupu. Iliteleza juu ya mto na kusimama mbele ya kanisa, na watu wote wakashuka kwenye barafu kama kawaida, kuona nani amepata nini.

Esai alikuwa amelala. Matrona alimvalisha mtoto, akavaa, akanibusu, akatoka bila mzigo wowote. Nilimfuata na rungu la kuulia samaki ndani ya koti. Tulikuwa tumefika katikati, kati ya ukingo na ndege, mlango wa nyumba ulipogonga ukuta.

Aliteremka bila kofia, bunduki mkononi, inafuka mvuke kwenye baridi ile. Watu walifunguka pande mbili. Rubani aliinua mikono juu kana kwamba ni yeye anayetafutwa.

"Matrona!"

Mwanangu alisimama. Akamsukuma mtoto kwangu, akageuka kumtazama mumewe. Hakukimbia, hakuinama, hakuomba.

"Rudi nyumbani."

"Sirudi, Esai."

Alimlenga kifuani. Ningeweza kumgusa mwanangu nikinyoosha mkono. Esai alifyatua.

Tiki.

Akavuta chuma, akasukuma, akafyatua. Tiki. Risasi nzima ikaanguka kwenye barafu ikazunguka. Akafyatua tena. Tiki. Alikuwa analia sasa, anavuta na kufyatua, na Matrona amesimama anamwangalia, mpaka nikafika mimi. Nilimpiga kwa rungu mkononi, kisha gotini, na alipoinama nikampiga mgongoni. Hapo ndipo wale vijana wenye mabega wakapata ujasiri. Walimpiga kwa miguu mpaka Miska akaingia katikati akajilaza juu yake. "Imetosha," akawa anasema. "Imetosha, jamani." Teke moja likampata yeye.

Ndege iliruka na Matrona na mtoto. Pelagia alikuwa anapunga mkono dirishani. Hakujua anampungia nani kati yetu.

Februari 1

Jana sikumaliza.

Jioni ile Esai alirudi nyumbani kwangu, anachechemea. Nikamwambia nyumba ni yangu na aondoke. Hakubisha. Alisema atakwenda kwenye kibanda chake cha mitego kule juu ya mto. Aliitundika bunduki juu ya jiko mara ya mwisho, barafu ikayeyuka, maji yakashuka kwenye ukuta. Asubuhi aliipangusa kwa kitambaa, kwa nje tu. Alivuta chuma, kikaenda vizuri. "Imepona," akasema, kama anajisemea.

Haikuwa imepona. Ilikuwa imelowa ndani, imejaa mafuta mazito na maji, na baada ya mwendo wa saa moja nje ingekuwa gogo. Ilitakiwa kufunguliwa na kuoshwa yote kwa mafuta ya taa, kisha isiingie ndani tena. Kopo la mafuta ya taa lilikuwa chini ya meza, limeegemea mguu wangu.

Miska alikuwa mlangoni. Aliniangalia, akaliangalia kopo. Kwetu mtu anayeingia msituni hanyimwi kitu, awe adui awe nani. Unampa samaki, unampa kiberiti, unamwambia unachojua kuhusu njia. Nilimpa samaki. Nilimpa kiberiti.

Esai aliitia bunduki kwenye sleji. Miska akafungua ule mdomo wake mbovu, akaanza, "Esai, hiyo bund—" nami nikamwambia, "Miska, funga mlango, baridi inaingia." Akaufunga. Tukasikiliza mbwa wakiondoka.

Februari 5

Mbwa wamerudi wenyewe. Watatu. Kamba imekatika, sleji haipo.

Februari 6

Tulikwenda wawili, Miska na mimi, kwa viatu vya theluji. Vijana walisema wana kazi.

Tuliikuta sleji imepinduka kabla ya kibanda. Mbele yake theluji ilikuwa imelimwa, nyekundu, kahawia, na nyekundu tena. Mkono wa kushoto wa Esai ulikuwa peke yake, na glavu yake. Mwili ulikuwa umevutwa chini ya misonobari na kufunikwa kwa matawi na theluji, jinsi Yule Mkubwa anavyofunika cha kwake. Ngozi ya kichwa ilikuwa imegeuzwa ikaufunika uso, nikashukuru kwa hilo. Bunduki ilikuwa kando, chuma kimevutwa nusu, kimeganda.

Yule Mkubwa hakuwa ameondoka. Alikuwa amelala nyuma ya chakula chake, tukaona kilima kimesimama.

Barafu ilikuwa inagongana mwilini mwake, kila hatua inalia kama vyombo ndani ya kapu. Bega moja lilikuwa na donda lililooza, la ile risasi ya Novemba. Miska hakutafuta mti. Alipiga goti moja, akainua bunduki yake kuukuu iliyolala nje maisha yake yote, akangoja. Nilimpigia kelele apige. Akangoja. Nilikuwa na shoka, nikaliinua, nikajikojolea, nikabaki nimeliinua. Alipofungua mdomo kuungurumia uso wa ndugu yangu, Miska akampiga mlemle mdomoni.

Aliendelea kuja. Alimwangukia Miska miguuni, na kucha zikampasua paja kabla hazijatulia. Nilimkata shingo kwa shoka, barafu ikaruka, nikakata tena mpaka nikafika kwenye nyama, na nikaendelea kukata alipokwisha kufa zamani. Miska alinishika kifundo cha mguu. "Dada. Basi. Amesikia."

Kisha akachukua kisu akapasua macho yote mawili ya Yule Mkubwa, ili asituone tulivyo. Nilimfunga paja kwa kitambaa changu cha kichwa. Tulimvuta Esai nyumbani kwa kamba, tukipokezana. Miska alilia njia nzima, si kwa paja.

Februari 10

Tumewasha moto juu ya ardhi siku kadhaa ili iyeyuke, tukamzika Esai. Anisia amesema kaburini, sauti ya kusikika na wote, "Mke alimtaja. Mke alimwita. Asirudi huyo hapa." Vichwa vikatikisika. Hata vijana walioshindwa kuja msituni walitikisa vyao.

Februari 19

Miska anatembea kwa fimbo. Ananiangalia.

Machi 3

Maji yanadondoka kwenye paa mchana. Hakuna aliyekuja kuazima chumvi.

Machi 15

Arobaini ya Esai. Nilipika kila kilichobaki. Walikuja wote, kwa kuwa chakula cha arobaini hakisusiwi. Walikula. Anisia akapangusa mikono, akaanza: ni vizuri Matrona abaki hukohuko, kwa usalama wa watoto wetu, ulimi ule umeshaua mtu.

Nilisimama. Sauti yangu mnaijua, nilisikika mpaka mtoni.

"Ulimi wa mwanangu haujaua mtu. Alivunjwa pua ili aseme lile neno, na nyote mliona pua, na nyote mlinyamaza. Aliyemuua Esai ni bunduki iliyolala ndani. Asubuhi ile niliiona imelowa. Mafuta ya taa yalikuwa mguuni pangu. Miska alitaka kumwambia, mimi nikamkatiza. Nilimpa samaki na kiberiti, nikamnyima lile moja lililohitajika. Nilitaka asirudi. Mkitafuta wa kumfukuza, nipo hapa, na nyumba ni hii."

Nilikuwa nangoja wainuke watoke. Miska akasukuma bakuli lake mbele. "Dada, niongezee mchuzi," akasema. Baada ya muda mrefu Anisia naye akasukuma lake, hakuniangalia.

Machi 24

Wamerudi. Pelagia ameota meno ya mbele, makubwa mno kwa uso wake. Matrona amenenepa kidogo, pua imepinda na itabaki hivyo.

Rubani alikuwa ameshamwambia Matrona yote niliyosema kwenye arobaini. Alisimama kibarazani, mbele ya bunduki ya Esai niliyoitundika pale kwenye msumari wa zamani. Nikamwambia, "Ni kweli. Niliona nikanyamaza. Ukitaka kunichukia, anza leo, mimi ni mzee."

Akagusa chuma kwa kidole. Kikavu.

"Mama, ile siku kwenye barafu ulinishangaa kwa nini sikukimbia."

"Nilikushangaa."

"Ulidhani ni moyo." Akachungulia ndani, kwenye jiko, na ukuta juu yake ulioachwa na alama nyeusi za maji. "Wewe ulinyamaza asubuhi moja. Mimi nilichemsha birika chini ya bunduki ile tangu Novemba."

Alisema hivyo bila kushusha sauti, kisha akaingia kumvua mtoto koti. Nikabaki kibarazani mpaka masikio yakaniuma. Nilipoingia, birika lilikuwa palepale juu ya jiko. Nikaliondoa, nikaliweka chini.